Zawadi Iliyofika Kabla ya Mwenyewe

Andiko: Mathayo 5:23-24. Soma pia Kutoka 31:1-5.

Waliokuwa ibada ya kwanza Jumapili waliniona nikipanda madhabahuni na fremu ya picha chini ya kwapa, na wengine wakadhani tunaanza mchango mwingine. Hapana, hakuna mchango. Hiyo fremu ndiyo ilikuwa ujumbe wenyewe. Kwa wale mliokuwa safarini nitaeleza tena hapa polepole, maana kuna sehemu nilizipitia mbio kwa sababu ya saa.

Tuanze na andiko. Yesu anazungumza habari ya mtu ambaye ameshafika madhabahuni na sadaka yake mkononi, halafu akakumbuka kwamba nduguye amekwazwa naye. Anaambiwa aiache ile sadaka pale pale, aende wapatane kwanza, kisha arudi aitoe.

Sasa piga hesabu na mimi. Maneno haya yanasemwa Galilaya, lakini madhabahu iko Yerusalemu. Kutoka Kapernaumu hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, na watu walikwenda kwa miguu, siku kadhaa njiani. Huyu mtu amefika, amechoka, amepanga foleni, na sasa anaambiwa arudi nyumbani kwanza. Kama sadaka yake ni mwana-kondoo, huyo mwana-kondoo atakula nini muda huo wote? Yesu hajibu hilo. Mimi naona alijua jinsi jambo lenyewe lilivyo gharama, na akalisema hivyo hivyo.

Tena angalia ni nani aliyekwazwa. Si wewe. Hapa hatuzungumzi juu ya yule aliyekukosea. Mhusika ni yule uliyemkosea wewe, naye bado anabeba.

Basi nitasema langu.

Mzee wangu ni seremala pale Ruiru. Ametengeneza vitanda, milango, meza na fremu tangu kabla sijazaliwa, na shahada yangu ya biashara ililipwa kwa vumbi la mbao, muhula baada ya muhula. Mimi ni kifungua mimba, nina jina la baba yake, kwa hiyo kwa desturi yetu yeye huniita "Baba" nami namwita "Baba". Wageni huchanganyikiwa.

Miaka miwili iliyopita, siku niliyowekewa mikono kuwa pasta msaidizi, nilipewa kipaza sauti nitoe ushuhuda. Nikasema, tena kwa sauti kubwa, kwamba namshukuru Mungu kwa kunitoa kwenye vumbi la mbao na kuniketisha pamoja na watu wakuu. Kanisa likasema Amen. Mzee alikuwa safu ya tatu, amevaa suti aliyonunua kwa ajili ya siku hiyo.

Hakusema kitu. Alikula chakula, akapanda matatu, akaenda Ruiru. Tangu siku hiyo akaanza kuniita "Pasta". Wengine walidhani ni heshima, lakini mimi nilijua.

Hapa niweke jambo ambalo sisi watu wa Roho tunaliruka. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema Mungu alimjaza Roho wake ni Bezaleli, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Sio nabii, sio kuhani. Ni fundi. Alijazwa ili afue dhahabu na fedha, akate mawe na kuchonga mbao. Na Bwana wetu mwenyewe, watu wa mji wake walimjua kwa kazi hiyo, soma Marko 6:3. Mimi nilisimama kwa jina la seremala kumshukuru Mungu kwamba nimeepuka useremala. Theolojia gani hiyo?

Mwezi wa kwanza mwaka huu ndugu zangu wakapanga shukrani ya miaka sabini ya Mzee. Nikapata wazo, na nililiona kuwa la kiroho sana. Kuna picha ya 1991, Mzee na marehemu Mama mbele ya banda lake, mimi nikiwa mgongoni mwa Mama. Nikasema nitaitengenezea fremu kwa mikono yangu mwenyewe. Aone kwamba sidharau mbao. Na kusema kweli, aone bila mimi kulazimika kufungua mdomo.

Nikaenda kwa fundi mmoja hapa Thika, upande wa Makongeni, akanikubalia kutumia meza yake Jumamosi tatu. Mbao 400, kioo 250, gundi 150, msasa na vanishi 200. Jumla elfu moja, na fremu iliyo tayari ingenigharimu 600. Kwa hesabu za darasani nilikuwa nimeingia hasara kabla ya kushika msumeno.

Wapendwa, fremu ni kitu kidogo mpaka uitengeneze. Ni vijiti vinne tu, lakini kila kijiti kina ncha mbili, kwa hiyo mikato ni minane, na kila mkato ni digrii 45. Ukikosea digrii moja tu kila mkato, kona tatu za kwanza utazibana zitakubali, na makosa yote yatajitokeza kwenye kona ya nne. Pale panabaki ufa wa digrii nane. Vijiti vinavyotazamana lazima vilingane kabisa, na ili kujua kama fremu imekaa mraba unapima kona hadi kona, pande zote mbili, vipimo viwe sawa. Jumamosi mbili za kwanza nilitengeneza kuni.

Ya tatu nikapata mikato mizuri. Mbao yenyewe ilikuwa mukima, ule mti ambao wazungu walileta kutoka Australia na ukapandwa kuwapa kahawa kivuli. Mashamba mengi ya kahawa huku kwetu Ruiru yamekuwa ploti na nyumba za kupangisha, na miti inakatwa inaishia yadi za mbao. Fundi akaigusa akasema, "Pasta, hii bado ni mbichi. Ina maji." Nikamwambia shughuli ni Jumamosi ijayo. Akanitazama, akanipa gundi.

Siku ya shukrani nikatoa fremu mbele ya watu wote. Vigelegele. Dada yangu akalia. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza akatazama nyuma jinsi mafundi wanavyofanya, akasema, "Asante, Pasta."

Nikarudi Thika nikijiambia tumemaliza hayo maneno.

Wiki tatu baadaye nikapita kwake. Jua la mwezi wa pili mnalijua, na nyumba yake ni mabati. Alikuwa ameitundika sebuleni, hilo lilinigusa. Lakini kona zote nne zilikuwa zimefunguka kwa ndani. Mbao mbichi ikikauka haipungui urefu kiasi cha kuonekana, inapungua upana, na kona ya digrii 45 haiwezi kuvumilia hilo. Inajitenga kuanzia ndani kuelekea nje. Nikasimama pale natazama zawadi yangu. Mzee akasema kutoka kitini, bila kuinuka: "Ulikuwa na haraka."

Hakuwa anazungumza juu ya fremu peke yake. Au labda alikuwa, mafundi ni watu wa maneno machache. Lakini mimi lile andiko la Mathayo lilinishika pale pale. Nilikuwa nimetuma zawadi iende mbele yangu, ifanye kazi ambayo mdomo wangu ulikataa. Watu walishangilia, na aliyekwazwa alikuwa bado amekwazwa.

Niulize tu, na usimwambie jirani yako, jiambie mwenyewe. Ni nani unamtumia M-Pesa kila mwisho wa mwezi kwa sababu hutaki kumpigia simu? Kuna mtu hapa anatoa fungu la kumi kwa uaminifu, na dada yake wa tumbo moja hawaongei kwa sababu ya robo eka huko Gatanga. Kuna mume ananunua maua Jumamosi ili asiulizwe maneno ya Ijumaa. Sisemi uache kutoa. Yesu hakusema sadaka itupwe, alisema iachwe pale, isubiri.

Lakini mnisikie vizuri, hasa akina mama. Andiko hili linamtuma aliyekosea. Halimwambii aliyepigwa arudi kwa anayempiga. Mtu asikutumie Mathayo 5 kukurudisha kwenye hatari. Na kama uliyemkosea ameshalala mauti, njoo tuombe pamoja, hilo lina njia yake.

Basi nikamwambia Mzee, "Baba, naomba tuongee." Akasema, "Toa kwanza hiyo kitu ukutani." Tukaenda bandani. Akapanda juu ya stuli, kwenye boriti chini ya mabati, akatoa kipande cha mukima ambacho kimekauka huko tangu Mama akiwa hai. Akakipiga randa mara mbili na ile mbao ikatoa madoa yanayong'aa kama hariri. Yangu haikuwa hivyo. Akakata, mimi nikapiga msasa. Na hapo, nikiwa nimeinama, vumbi limejaa puani, ndipo nikasema. Nilisema kile nilichokisema siku ile, neno kwa neno, bila kukipamba, na kwamba kilikuwa uongo na dharau, na kwamba naomba msamaha.

Alinyamaza muda mrefu. Akapaka gundi. Kisha akasema, "Mama yako angekuchapa." Akaniambia nishike kona mbili wakati anapigilia misumari. Alipoona nalegeza, akasema, "Kaza, Baba."

Nilisema vibaya kwa kipaza sauti mbele ya kanisa hili, kwa hiyo siwezi kusahihisha chumbani. Vumbi la mbao halikuwa shimo ambalo Mungu alinitoa. Mungu alinilea humo.

Mzee bado hajaanza kuja ibadani, na simlazimishi. Jumapili fremu niliyoishika ilikuwa ile ya kwanza, yenye nyufa. Ile nzuri iko ukutani kwake Ruiru. Nilimwomba ruhusa niandike habari hizi, akakubali kwa sharti moja, kwamba niweke wazi ile ya kwanza hakuitengeneza yeye.