Mzee, Basi la Kigali na Nusu ya Dawa

Mzee mmoja wa Mbugangari, Gisenyi, muuza sabuni na mafuta ya kula kwa watu wa Goma wanaovuka mpaka wa Petite Barrière, alikaa na damu kwenye choo karibu mwaka mzima akijiambia ni bawasiri. Msimtafute mtaani, kisa hiki kimetungwa ili kifunze. Mkewe ndiye aliyemsukuma hadi hospitali. Daktari akamwambia: kwa miaka yako 58 na damu hii, afadhali uende moja kwa moja kwenye kolonoskopia, ule mpira mrefu wenye kamera unaopitishwa nyuma. Mzee aliposikia "nyuma", hakusikia tena kingine.

Jioni akampigia simu mpwa wake aliyeko Ubelgiji. Kijana akamweleza kwamba kuna CT skani ya utumbo mpana: unalala kwenye mashine, picha zinapigwa, kompyuta inaziunganisha hadi daktari anauona utumbo kama anayetembea ndani yake. Hupewi dawa ya usingizi, na kwa dakika 15 hivi umemaliza. "Ni picha tu, mjomba."

Kijana hakudanganya. Kipimo hiki kinajulikana tangu miaka ya 1990, na kinawafaa watu kadhaa: asiye na dalili yoyote anayetaka kujikagua, au yule ambaye mpira ulishindwa kufika mwisho wa utumbo. Mwenye damu kwenye choo kwa kawaida hushauriwa aanze na mpira wenyewe. Lakini Mzee alishaamua. Akaenda kulipa kwenye kliniki ya watu binafsi Kigali, bila karatasi ya rufaa, na bila rufaa bima ya mituweli haimlipii mtu.

Alipewa pakiti mbili za dawa ya kuharisha, moja ya jioni na moja ya alfajiri, na chupa ndogo ya dawa ya kunywa ili mabaki ya choo yang'ae meupe kwenye picha na yasidhaniwe kuwa uvimbe. Siku moja kabla, asile maharage, mboga wala matunda yenye mbegu. Anywe maji, mchuzi mwepesi uliochujwa, chai isiyo na maziwa. Haya yote aliyasoma. Kitu ambacho karatasi haikutaja ni basi.

Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kilomita 150 na ushei, saa tatu na zaidi, kona juu ya kona. Nani atamwomba dereva asimame kila baada ya kilima? Mzee akanywa pakiti ya jioni, ile ya alfajiri akaitia mfukoni. Tumbo likiwa tupu, akameza tembe yake ya kisukari, glibenklamidi, kama kila siku; wala kule kliniki hakuwa amewaambia kwamba ana kisukari. Tembe hiyo hushusha sukari hata usipokula. Walipopita Musanze jasho lilikuwa likimtoka, mikono ikitetemeka. Basi liliposimama Nyirangarama akashuka akanunua viazi na brosheti, akala akapona. Chai tamu ya rangi ingemponya vilevile, na isingeacha kitu tumboni.

Kliniki akakuta hata "picha tu" ina kampira kake: kafupi, kanaingizwa sentimita chache, kisha hewa inapulizwa ili utumbo ufunguke. Bila hewa hiyo kuta zinalaliana na hakuna kinachoonekana. Tumbo linajaa na kubana kwa muda, halafu hewa inatoka yenyewe. Alipigwa picha akiwa chali, kisha kifudifudi, huku akimlaani mpwa wake kimoyomoyo. (Nadhani hapa wahudumu nao wana lawama yao, mtu mzima aambiwe mapema atakachofanyiwa.)

Majibu: sehemu ya utumbo haisomeki, choo kimejaa. Arudie.

Mara ya pili alilala kwa binti yake Nyamirambo, Kigali, siku mbili kabla, choo kikiwa hatua tano kutoka kitandani. Safari hii alitaja kisukari chake, wakampangia upya tembe. Wakamuuliza pia kama ana ugonjwa wa figo, maana baadhi ya dawa za kusafisha utumbo, zile zenye fosfeti, huziumiza figo, na kama iodini imewahi kumdhuru. Mwanamke huulizwa kama ana mimba, kwa sababu ya mionzi. Akanywa dawa yote. Picha zikatoka safi, zikaonyesha kinyama cha milimita 12 kwenye ukuta wa utumbo.

"Basi kitoeni," akasema.

Picha haitoi kitu. Pia hukosa vinyama vingi vilivyo chini ya milimita 6, na vile vilivyolala bapa ukutani. Kilichohitajika sasa ni mpira wenye kamera, uleule alioukimbia, pamoja na dawa nyingine ya kuharisha na malipo ya tatu. Katika kliniki nyingine wangeweza kumpangia vyote siku moja, kama mtu angeuliza.

Safari hii alichomwa sindano ya usingizi, kinyama kikakatwa, maabara ikasema bado hakijawa saratani ila kilikuwa kikielekea huko. Daktari akamwagiza awaambie ndugu wa damu na watoto wake wapimwe wakifika miaka 40, wasingoje damu.

Mdogo wake aliyeko Goma, mwenye miaka 51, alipiga simu jioni hiyohiyo akitaka kujua dawa inanunuliwa wapi.

"Dawa baadaye," Mzee akamjibu. "Kwanza niambie Kigali utalala kwa nani."