Je, Kuuliza Kwatosha?

Siku hizi makampuni na mashirika mengi husifu namna moja ya kupanga kazi, iitwayo fikra za usanifu. Wamarekani ndio walioieneza sana, hasa kwa shule iliyofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwanzoni mwa karne hii. Mafundisho yake ni mepesi: kabla ya kutengeneza kitu, nenda kwa mtu atakayekitumia, umtazame, umsikilize, kisha fanya mfano mdogo, umpe aujaribu, akisema haufai, urekebishe. Wazee walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Neno hilo ni jema. Lakini twauliza: aliyeuliza, je, yu tayari kubadili shauri lake?

Sisi wa Lubumbashi tuna habari ya kutufundisha. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliwapangia wafanyakazi wake maisha ya kambini: nyumba, posho, hospitali, shule za watoto. Faida yake hatuikatai. Bali shauri la kila kitu lilikatwa ofisini. Vita ikapandisha bei, na mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wakagoma wakidai mshahara. Tarehe 9 askari wakawapiga risasi uwanjani. Makumi wakafa, pamoja na msemaji wao, Léonard Mpoyi.

Mwaka wa 1946 serikali ikaruhusu mabaraza ya wafanyakazi ndani ya makampuni. Basi, wakaanza kuulizwa. Lakini mabaraza yalitoa maoni tu. Kukata neno kulibaki kwa wakubwa.

Tazama tofauti, ndugu msomaji. Kumwuliza mtu ili akubali ulichokwisha kupanga ni kumtumia. Kumwuliza ukiwa tayari kushindwa naye ni kumheshimu. Wala heshima hiyo si zawadi. Ni haki yake, kwa kuwa ndiye atakayelala kitandani.

Labda fundi atasema: asiyesoma kazi yangu anajuaje? Kweli, fundi ajua mwamba. Lakini mama achotaye maji ajua njia. Kila mmoja ana elimu yake.

Basi, tuzipime na kamati zetu. Mkitaka kuchimba kisima, waulizeni akina mama kwanza. Wakionyesha mahali pengine, na maji yapo, sogezeni jembe. Hapo ndipo itajulikana kama mliuliza kweli.