Kukiri Bila Kutubu

Toleo la kwanza la jarida la The Pioneer lilitoka Boston mwezi wa Januari 1843, na ndani yake mhariri James Russell Lowell alichapa hadithi fupi ya Edgar Allan Poe iitwayo The Tell-Tale Heart. Ni hadithi ya kurasa chache tu. Mtu asiye na jina anatueleza jinsi alivyomuua mzee aliyekuwa akiishi naye, mzee ambaye, kwa kauli ya muuaji mwenyewe, alipendwa, hakuwahi kumkosea wala kumtukana mtu huyu, na mali yake haikutamaniwa. Kilichomkera ni jicho moja la mzee, la buluu iliyofifia, lenye utando, kama la tumbusi. Usiku saba mfululizo anachungulia chumbani na taa aliyoifunika. Usiku wa nane anaua, anaukata mwili vipande na kuuficha chini ya mbao za sakafu. Askari watatu wanabisha hodi kwa kuwa jirani kasikia ukelele. Muuaji anawakaribisha, anawaketisha, na kiti chake mwenyewe anakiweka juu kabisa ya maiti. Hapo ndipo anapoanza kusikia moyo wa marehemu ukidunda, ukizidi na kuzidi, mpaka anapiga kelele na kukiri.

Wengi wameisoma hadithi hii kama hadithi ya dhamiri, na kwa msomaji mwenye dini usomaji huo unakuja wenyewe. Mwislamu atakumbuka kwamba siku ya hesabu vinywa vitatiwa muhuri na viungo vya mwili vitatoa ushahidi, na kwamba Kurani inaitaja nafsi yenye kujilaumu. Mkristo atakumbuka damu ya Abeli ikimlilia Mungu kutoka ardhini. Mahubiri yako tayari: ficha utakavyoficha, moyo utakusaliti. Nadhani usomaji huu una kasoro, na kasoro yenyewe ni ya kidini kabla haijawa ya kifasihi. Hebu tuyafuate maneno ya muuaji hadi mwisho. Je, anamtaja mzee kwa huruma? Anasema alimhurumia usiku ule alipomsikia akiugua kwa hofu, lakini papo hapo anaongeza kwamba moyoni alikuwa akicheka. Je, anajuta? Baada ya kuua anatabasamu. Anapopiga kelele mbele ya askari, anachoshindwa kukistahimili ni sauti anayoisikia na vicheko anavyodhani wanamcheka. Wao ndio anaowaita waovu, eti wanajifanya hawasikii. Mtu huyu anakiri ili kelele inyamaze. Katika maneno yake ya mwisho mzee hayumo kabisa isipokuwa kama moyo wenye kuchukiza unaomsumbua.

Dini kubwa mbili za pwani yetu na bara yetu zimelifikiri jambo hili kwa kina zaidi kuliko wahubiri wa hadithi za kutisha. Wanazuoni wa Kiislamu wanapohesabu masharti ya toba hutaja kuacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa dhambi imegusa haki ya mja, kuirudisha haki hiyo au kumridhisha mwenyewe. Ghazali, mmoja wao, anaijenga toba juu ya elimu inayozaa majuto, na majuto yanayozaa kitendo. Wakatoliki nao katika sakramenti ya kitubio wanadai majuto, maungamo na malipizi, na hakuna padri atakayekubali kwamba maungamo peke yake, yaliyokamuliwa na hofu ya mshtaki, yanatosha. Kwa mizani zote mbili, muuaji wa Poe ana kipande kimoja tu cha toba, tena kile kinachoweza kutoka kwa mtu yeyote aliyebanwa vya kutosha. Polisi wa dunia nzima wanajua kwamba mtu hukiri kwa kunyimwa usingizi. Kukiri huko hakutuambii lolote juu ya hali ya roho yake.

Swali langu ni hili, basi: je, sanaa inaweza kutuonyesha uovu wa namna hii, uovu usio na sababu mwanzoni wala majuto mwishoni, bila kuutilia sababu na majuto kwa siri? Filamu zilizotengenezwa kutokana na hadithi hii zinatupa ushahidi mzuri, kwa sababu kila mwongozaji alilazimika kuamua mambo ambayo Poe aliyaacha wazi. Kalamu inaweza kusema kwamba fulani alisikia moyo, ikaishia hapo. Filamu yenye sauti haina nafasi hiyo: ama watazamaji wanausikia au hawausikii, na kila uamuzi ni jibu la swali la wapi hatia inakaa.

D. W. Griffith, mwaka 1914, alitengeneza filamu ndefu isiyo na sauti, The Avenging Conscience, akichanganya hadithi hii na shairi la Poe la Annabel Lee. Muuaji wake ni kijana anayezuiwa na mjomba wake asimpende binti anayempenda. Anaua, anateswa na mizimu ya akili yake, halafu anazinduka: kumbe ilikuwa ndoto, na mjomba yu hai. Jina la filamu linaipa dhamiri taji, lakini hadithi yenyewe inaifutia dhamiri kazi, kwani hakuna damu iliyomwagika wala haki ya kurudishwa. Mwaka 1941 Jules Dassin aliifanya filamu fupi ya dakika kama 20 kwa studio ya MGM, akimtumia Joseph Schildkraut. Humo mzee ni bwana katili anayemdhalilisha kijana. Imeigizwa vizuri, lakini jicho limegeuka kisingizio na mauaji yamegeuka kisasi, kitu tunachokielewa haraka mno. Augustino, mtakatifu wa Kanisa la kale, akikumbuka mapea aliyoyaiba ujanani pamoja na wenzake wakati hawakuwa na njaa, alisumbuliwa kwa sababu hakuona alichokitafuta katika wizi ule zaidi ya wizi wenyewe. Poe yuko upande wa Augustino. Dassin anamwondolea mtazamaji usumbufu huo, na kwa kufanya hivyo anambadilisha mzee kutoka mtu aliyedhulumiwa kuwa mtu aliyejitakia.

Ya tatu ni ya mwaka 1953, na ni katuni. Studio ya UPA ilianzishwa na wasanii walioondoka Disney, wengi wao baada ya mgomo wa 1941, wakiwa wamechoshwa na uchoraji unaoiga nyama na manyoya ya wanyama halisi. Ted Parmelee aliongoza, Paul Julian akabuni mandhari, na mwigizaji Mwingereza James Mason akasimulia. Filamu haifiki dakika kumi. Michoro haisogei sana. Mara nyingi kamera ndiyo inayotembea juu ya picha zilizochorwa, na picha moja inayeyuka ndani ya nyingine. Kuta zimepinda, vyumba ni virefu kupita kiasi, kwa namna inayokumbusha filamu ya Kijerumani ya Robert Wiene ya mwaka 1920 kuhusu Daktari Caligari, ambayo mandhari yake yalichorwa yakiwa yameinama kana kwamba dunia yote inaumwa. Uamuzi mkubwa kuliko yote ni kwamba muuaji haonekani waziwazi. Tunaona kivuli chake na mikono yake, tunasikia sauti yake ya kistaarabu, na mara nyingi tunaangalia kupitia macho yake. Hana uso unaoweza kutuonyesha majuto. Mwigizaji wa kawaida, hata akiambiwa asifanye lolote, atafanya kitu: jicho litalowa, mdomo utatetemeka, nasi tutausoma mtetemeko huo kama dhamiri kwa sababu tunatamani iwepo. Mchoro wa Julian unatunyima tamaa hiyo. Sauti inabaki na kauli zake, na kauli zake, kama tulivyoona, hazina toba. Hivyo upotoshaji wa maumbo, ambao mtu anaweza kuudhania kuwa pambo, ndio unaoilinda hadithi isigeuzwe mahubiri. Nyumba iliyopinda haimshtaki mtu wala kumtetea. Inatuambia tu kwamba tuko ndani ya kichwa ambamo mzee ameshapunguzwa kuwa jicho.

Hapa kuna pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Kuupamba uovu, mtu atasema, ni kuuuza. Picha nzuri ya mauaji inamzoesha mtazamaji kufurahia, na kumweka nyuma ya macho ya muuaji ni kumfanya mshirika. Bodi ya ukaguzi ya Uingereza iliipa katuni hii daraja la X, lililowafungia mlango walio chini ya miaka 16. Hakuna katuni iliyowahi kupewa daraja hilo kabla yake. Hollywood, kwa upande wake, iliipendekeza kwa tuzo ya Oscar. Nakubali kwamba si filamu ya watoto. Lakini kinachomzoesha mtu damu, kwa maoni yangu, ni uhalisia kuliko mchoro uliopinda. Filamu inayoonyesha kisu, jeraha na nyama kwa ustadi inaelekeza udadisi wetu kwenye jinsi jambo lilivyofanyika, tukajikuta tunausifu ufundi wake. Katuni ya 1953 haitupi nyama ya kutazama. Kuhusu ushirika, ndiyo, tunatazama kwa macho ya muuaji. Ila tunachokiona kwa macho hayo kina ila ya wazi katika kila mstari, na mtazamaji hawezi kusahau kwamba ameazimwa macho mabovu. Uhalisia ungemwazima macho hayohayo bila kumwambia kwamba yana kasoro.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu huyu ni mwendawazimu. Sheria ya Kiislamu inamwondolea mwendawazimu kalamu ya dhambi, kwa hiyo kumdai toba ni kumwonea. Mwaka uleule wa hadithi, tarehe 20 Januari, Daniel M'Naghten alimpiga risasi London katibu wa waziri mkuu Robert Peel, Edward Drummond, aliyefariki siku chache baadaye. Mwezi wa Machi mahakama ikamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, na majibu ya majaji yaliyofuata yakawa kipimo cha sheria ya Kiingereza: je, mshtakiwa alijua anachokifanya, na alijua kwamba ni kibaya? Poe hakuweza kuwa na kesi hiyo mkononi alipoandika, lakini muuaji wake ni kama amejiandaa kwa ajili yake. Anatoa ushahidi kwamba ana akili timamu, na ushahidi wenyewe ni uangalifu wake, subira yake, jinsi alivyofungua mlango polepole na kuficha kila alama. Hajui kwamba anachokithibitisha ndicho kinachomhukumu. Anayeficha anajua kuna cha kufichwa. Wazimu anao, sibishi, lakini wazimu wake haukumnyima elimu ya ubaya. Kwa maneno ya Ghazali, elimu ipo na majuto hayakuzaliwa, na pengo hilo ndilo linalotisha kuliko maiti iliyo chini ya sakafu.

Mtu mpole zaidi ataniambia kwamba hata hofu ni mwanzo. Kwamba moyo ule, uwe wa nani, ulimfanya aseme kweli, na kweli ikishasemwa toba inaweza kufuata. Hili siwezi kulikataa kwa ushahidi wa hadithi, kwa kuwa hadithi inakatika palepale anapopiga kelele. Wala sina haja ya kulikataa: rehema haijawekewa mpaka na msimulizi. Ninachokataa ni kuihesabu kelele hiyo kuwa ushindi uliokwisha kupatikana, kwani hapo marehemu anageuzwa chombo cha kumwokoa aliyemuua. Haki ya mzee bado iko mahali ilipo. Askari wameamriwa wazing'oe mbao, na Poe hatuambii kama walizing'oa, wala kama kuna hata mmoja wao aliyesikia chochote.