Nani atamuogesha mzee: Mtoto, mfanyakazi au mashine?

KWA muda sasa mazungumzo ya vijana wetu wa mijini hayaishi kugusia akili mnemba. Aliyesomea uhasibu ana wasiwasi, aliyesomea ukarani ana wasiwasi, hata anayeandika habari magazetini ana wasiwasi. Wote wanauliza: Ni kazi gani itakayobaki mikononi mwa binadamu? Ukiwajibu kuwa kulea wazee ni miongoni mwa kazi hizo, wengi watacheka, na wengine wataona umewatukana. “Nimesoma miaka yote hii nikaoshe vikongwe?”

Kicheko hicho ndicho tunachopaswa kukichunguza, kwani nyuma yake kuna swali zito kuliko la ajira. Kumlea mzee ni kitu gani hasa? Je, ni mzigo ambao anayeweza kuulipia atauhamishia kwa mwingine? Na kama tunaweza kumkabidhi mtu wa mshahara, kwa nini tusimkabidhi mashine?

Wenzetu wa Asia wamelikuta swali hili kabla yetu. Nchini Japani, karibu watu 3 katika kila 10 wana umri wa miaka 65 au zaidi. Mwaka 2000 nchi hiyo ilianzisha bima maalumu ya kugharamia matunzo ya wazee, na kwa miaka mingi imetumia fedha nyingi kutengeneza roboti za kuwanyanyua kitandani, za kuwaongoza katika mazoezi ya viungo, na nyingine yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini, ambayo mzee huipakata na kuipapasa ili atulie. Wenye matumaini walisema tatizo la wafanyakazi limekwisha.

Halikwisha. Mtafiti James Wright, aliyekaa katika nyumba ya kulelea wazee huko Japani na kutoa kitabu mwaka 2023, alieleza jinsi roboti hizo zilivyowaongezea wahudumu kazi: kuzisukuma, kuzisafisha, kuzichaji na kumsimamia mzee anapozitumia. Na ni Japani hiyo hiyo iliyoanza mwaka 2008 kupokea wauguzi na walezi wa wazee kutoka Indonesia, wengi wao Waislamu. Mwaka 2019 ikafungua mlango mwingine wa viza kwa wageni wa kazi hiyo. Nchi iliyosifika kwa roboti ilirudi kutafuta mikono ya watu.

Korea Kusini nako kuna mdoli unaozungumza kwa msaada wa akili mnemba. Serikali za mitaa zimeugawa kwa maelfu ya wazee wanaoishi peke yao. Humkumbusha mzee kumeza dawa, humuuliza kama amekula, na akikaa kimya muda mrefu hutoa taarifa kwa wahusika. Jina lake ni Hyodol, na neno “hyo” kwa Kikorea lina maana ya kuwatendea wema wazazi. Hebu tulitafakari jina hilo. Wema kwa wazazi, ambao sisi tunauita birrul-walidayn, umewekwa betri.

Tusiharakishe kuwacheka Wakorea. Mzee anayeishi peke yake, akaanguka chooni na mdoli ukatoa taarifa akaokolewa, amepata faida ya kweli. Tena wapo watakaotuambia kuwa mashine hiyo inamzidi mtoto. Haichoki. Ukiiuliza swali moja mara 40 itajibu mara 40 kwa sauti ile ile. Haimkemei mzee aliyejikojolea, haimbani, haimnyimi chakula. Katika Surat Israa, aya ya 23, Allah (SW) amemkataza mtoto kuwaambia wazazi wake waliofikia uzeeni hata neno dogo la kuonesha kuchoshwa nao, “uff.” Basi mashine haijawahi kusema uff. Je, si ndiyo imeitekeleza aya kuliko sisi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katazo lile limemlenga anayeweza kusema uff. Allah, aliyetuumba, anajua kuwa kumlea mzee kunachosha. Anajua kuwa usiku wa tatu bila usingizi ulimi huwa mwepesi na moyo huwa mzito. Ndiyo maana akaliwekea mpaka neno lenyewe. Anayeumeza uchovu wake akamjibu mama yake kwa upole kwa mara ya 40, huyo amefanya subira. Mashine haina uchovu wa kuumeza, kwa hiyo haina subira, na isiyokuwa na subira haiwezi kufanya ihsani. Inachofanya ni kutokuharibika.

Na mzee anaijua tofauti hiyo. Mtu mzima akiugua hapimi tu kama uji umefika. Anapima nani ameuleta, na huyo aliyeuleta ameacha nini ili aulete. Mwanawe aliyefunga duka mapema, mjukuu aliyekosa mpira, mhudumu aliyerudi chumbani baada ya zamu kwisha ili amwage buriani; hao wamempa kipande cha umri wao. Mashine haina umri wa kutoa.

Je, ina maana vyombo hivi ni haramu, au ni aibu kuvitumia? La hasha! Imesimuliwa katika Al-Adab Al-Mufrad ya Imam Bukhari kuwa Ibn Umar (RA) alimuona mtu wa Yemen akitufu Al-Kaaba huku amembeba mama yake mgongoni. Akauliza kama amekwishamlipa mama yake. Akajibiwa kuwa hajalipa hata uchungu mmoja wa kuzaliwa kwake. Leo mahujaji wetu wazee wanatufu kwa viti vya magurudumu na vigari vya umeme, na hakuna anayesema kuwa wamedhulumiwa. Chombo kinachobeba uzito ni neema. Mgongo wa mlezi ukipumzika, subira yake inabaki kwa ajili ya mzee. Hatari inaanza pale mtoto anaponunua chombo ili naye asionekane tena, au pale chombo chenye kamera na sikio kinapowekwa chumbani bila yeyote kuuliza sitara ya mzee iko wapi na maneno yake yanahifadhiwa na nani. Uzee hauondoi haki ya kusitiriwa.

Ama kuhusu mfanyakazi wa mshahara, wapo wanaodhani kuwa kumuajiri ni kumtupa mzazi. Si lazima iwe hivyo. Wajibu wa mtoto hauhamishiki, lakini kazi inaweza kusaidiwa. Mfanyakazi ni binadamu anayechoka kama mtoto anavyochoka, naye anaweza kuchagua upole. Kwa sababu hiyo kazi yake ni taaluma ya heshima, na akiinuia vyema ni ibada ingawa analipwa. Mwalimu wa madrasa halaumiwi kwa kupokea posho.

Sasa tutazame majumbani mwetu, Kariakoo, Magomeni, Temeke na kwingineko. Ni nani anayemlea bibi aliyepooza? Mara nyingi ni binti wa kazi wa miaka 17 au 18 aliyeletwa kutoka kijijini. Huyo huyo apike, afue, awapeleke watoto shule, na katikati ya hayo amgeuze bibi ili asipate vidonda vya mgongoni. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumgeuza. Ujira wake ni mdogo na wakati mwingine unacheleweshwa, ilhali Mtume (SAW) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kisha siku akimkemea bibi, tunamfukuza na kusema watoto wa siku hizi hawana adabu. Nani aliyeanza kukosa adabu?

Ajabu nyingine ni kwamba kijana wetu anayeona aibu kumuogesha mzee Ilala haoni aibu hiyo akiwa Uingereza. Februari 2022 nchi hiyo ilifungua viza kwa walezi wa wazee kutoka nje, na Waafrika wengi wakakimbilia. Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa waombaji wapya walioko nje ya nchi hiyo. Kazi ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni mshahara na sare. Hii ina maana kuwa fedheha haikuwa katika kazi. Tumeitia sisi, kwa kuilipa kidogo na kutoifundisha.

Serikali zina wajibu wao. Tanzania Bara ilikuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na Zanzibar tangu Aprili 2016 inawalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na kuendelea. Lakini fedha ya pensheni haimgeuzi mtu kitandani. Taasisi zetu, ambazo zimeweza kujenga shule na zahanati, zinaweza pia kuwafundisha mabinti na vijana taaluma hii: kunyanyua, kuosha, kusitiri, kulisha, na kutambua maradhi ya kusahau. Zikawapa cheti, na sisi tukawalipa kama watu wenye cheti. Vyombo vitakapofika, navyo vitafika, vitawakuta watu wanaojua kuvitumia badala ya kuvipisha.

Na kwa sisi wenye wazazi walio hai, aya ile inautaja uzee wao ukiwafikia wakiwa kwako. Kwako, yaani karibu ya mkono wako. Ajiri msaidizi ukiweza, nunua chombo ukiweza, lakini kuna saa moja ya siku ambayo haikaimishwi. Keti hapo, usikilize kile kisa ulichokisikia mara 40, na umeze uff yako.

Wabillahi tawfiq.