Usingoje Tarehe 30 Juni

Kila mwaka Wakenya hupewa miezi 6, Januari hadi Juni, kuwasilisha ritani za kodi. Hata hivyo, siku za mwisho ndipo mtandao wa kodi wa iTax hulemewa na foleni kujaa saibakafe. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au zaidi, hata kama hakupata kipato. Inauma, kwa sababu mara nyingi kinachotukwamisha si ugumu wa kazi bali kutojua pa kuanzia: fomu ya P9 ya mshahara iko kwa mwajiri, nenosiri limesahaulika, basi tunasema kesho. Leo tafuta nenosiri tu. Kesho omba P9. Jumamosi jaza. Na lile jambo jingine unalolikwepa, la kliniki au la karo, piga simu kulihusu kabla ya saa sita mchana.