Silaha ya Kumeza

Hebu nikuulize, ndugu msomaji: ukimeza silaha ya mwenzio, inakuwa yako?

Kwenye miamba ya pwani za baridi kule Uingereza na Norway yupo koa wa baharini, Aeolidia papillosa, ambaye Linnaeus alimwandika tangu mwaka 1761. Hana gamba. Chakula chake ni anemoni, jamaa ya yavuyavu, mwenye mikono inayochoma. Koa hujikinga kwa ute wake, akamla. Lakini vile vijifuko vya sumu havisagi vyote. Vingine huvihifadhi vizima kwenye ncha za vidole laini vilivyojaa mgongoni mwake. Samaki akimwuma, anachomwa kwa sumu ya mwingine!

Mimi simlaumu. Gamba atalipata wapi, bwana? Ila mwaka jana niliandika hadithi kwa maneno aliyoyatamka mama jirani siku tulipomzika mwanawe. Waliosoma walilia, nami nikajiona mwandishi kwelikweli. Mwenyewe aliposomewa alinyamaza, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe ulimzika nani?"

Koa haulizwi swali hilo. Mimi nimeulizwa, na hadithi ya pili mpaka leo sijaianza.