Mzazi Aendapo Kumtazama Mwanawe Chuoni

Mzazi atokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam kumtazama mwanawe aliye Chuo Kikuu hukata mwendo wa zaidi ya kilometa 800. Hupita Makambako na Iringa, akateremka mlima Kitonga, akaipita mibuyu ya bonde la Ruaha na mbuga ya Mikumi, kisha Morogoro na Chalinze, ndipo afike. Katika miaka ya 1960 njia hiyo ilikuwa ya vumbi na matope, na wazazi waliothubutu kufunga safari kwa ajili ya kusalimu tu walikuwa wachache. Lami ilipowekwa, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, umbali haukupungua, lakini ulipitika. Swali ninalotaka tulifikiri pamoja, ndugu msomaji, ni hili: mzazi huyo aendea nini, naye mwana ampe nini?

Wako wasemao kwamba aendea kukagua mali yake. Aliuza ng'ombe, alilima kahawa, aliinyima nafsi yake nguo. Basi sasa aenda kulitazama shamba alilolipanda. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini likishikwa peke yake humgeuza mwana kuwa bidhaa. Tena mzazi si mdai wa pekee. Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, amewasaliti. Kwa hesabu hiyo waliomsomesha kijana ni wengi, na aghalabu hatawaona kamwe.

Wako wengine wasemao kwamba aendea kuona tu, maana mtu mzima ni wa nafsi yake. Elimu isiyombadili mtu si elimu. Kwa nini basi kijana adaiwe afanane na yule aliyeondoka kijijini? Hoja hii nayo haifai kubezwa. Mzazi atarajiaye kumkuta mwanawe vile vile alivyomwacha, amempeleka shule bure. Hana budi kukubali kwamba mwanawe atasema maneno asiyoyajua yeye, na atauliza maswali ambayo nyumbani hayakuulizwa.

Lakini kubadilika ni jambo moja, na kukana ni jingine. Nilipata kumwona mama mmoja mbele ya bweni la chuo fulani, ameketi kando ya kapu la mchele wa Kyela. Bintiye alipotoka hakumwamkia mpaka alipogeuka kuona kama wenzake wanatazama. Mama alisema naye kwa lugha ya kwao. Binti akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Mwenzake alipomwuliza mgeni huyo ni nani, alisema, "Mtu wa nyumbani." Hakusema uongo. Walakini neno hilo lilitosha kumvua mama jina lake.

Hapo ndipo nilionapo jibu. Deni la fedha lina tarakimu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huweza kumwonyesha mkopaji kiasi anachodaiwa, naye akimaliza kulipa huwa huru. Kapu la mchele halina tarakimu. Haliwezi kulipwa, wala halikuletwa ili lilipwe. Linaomba jambo dogo tu: mwana asimame mbele ya wenzake aseme, "Huyu ni mama yangu." Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Sidhani kwamba walimkataza mtu kuondoka kwao. Waliona kwamba afichaye asili yake huwa mtumwa wa macho ya watu, maana kila siku hana budi kujiuliza wanamwonaje.

Na jambo hili si la jamaa mmoja peke yao. Katika miaka mingi ya utumishi wa serikali nimekaa nyuma ya meza ambayo mbele yake husimama akina mama wenye makapu kama lile. Huyu ametafuta cheti cha kifo cha mumewe, yule ameulizia kiwanja chake. Mtumishi aliyejizoeza chuoni kumwonea haya mamaye, atawezaje kumwambia mama huyu, "Karibu, keti"? Atamwambia arudi kesho, wala hatauliza ametoka wapi wala atalala wapi.

Kwa hiyo, enyi vijana mlio sekondari leo, siku mzazi atakapowafikia chuoni, mwamkieni mbele ya watu kwa desturi ya kwenu. Mpokeeni mzigo. Mtembezeni maktaba na madarasa, mkamweleze mnayosoma kwa lugha aijuayo. Yamkini mtaona kwamba kulieleza somo kwa mzazi asiyepata kuliona darasa ni kazi ngumu kuliko mtihani. Nanyi walimu, waulizeni wanafunzi wenu ni neno gani la masomo yao wasiloweza kulisema kwa lugha ya mama zao, kisha walitafute pamoja nao.